Kiriba Bado Hakijatolewa

Nchi ninayoisimulia huijui, msomaji, na ukidhani unaijua basi umeichanganya na nyingine. Ni nchi yenye amani nyingi, ndiyo maana kila kona pana askari wa kuilinda. Ina mito, ina milima, ina wizara thelathini na tisa, na ina kiongozi mmoja ambaye wananchi wanampenda kwa mujibu wa sheria. Cheo chake ni Mpanzi Mkuu wa Taifa. Alikipata katika mwaka wake wa kwanza madarakani, alipopanda miti elfu nane mia tatu na kumi na miwili kwa mikono yake mwenyewe, mikono hiyo ikiwa ndani ya glavu nyeupe. Tangu hapo hakuna aliyeona sababu ya kuwasumbua watu kwa uchaguzi.

Mti mmoja kati ya hiyo aliupanda kwenye ukoka wa Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani hakuuomba. Mti ulikuwa wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, lakini usiku wa kuamkia sherehe mvua ilinyesha, uwanja wa shule ukawa tope tupu, na katika nchi ile tope haliruhusiwi kugusa kiatu cha Mpanzi Mkuu. Watu wa itifaki wakaangaza huku na huku. Wakaona nyumba yenye ukoka uliokatwa vizuri, wa kijani, uliotandazika kama jamvi kutoka barazani hadi kwenye bomba la maji. Dakika kumi hazikupita, uzio wa michongoma ukawa umefyekwa, shimo limechimbwa, na bendi ya polisi imejipanga mahali palipokuwa na kamba ya kuanikia nguo. Mumewe, Mzee Kibwana, alikuwa barazani anashona suruali ya mteja. Akaambiwa asimamishe cherehani, inaharibu mapigo ya wimbo wa taifa.

Sasa, Bi Sikudhani alikuwa mtumishi wa kitalu cha miche cha manispaa. Mche ule wa mkrismasi ulioletwa na kanali wawili, mmoja akishika shina na mwingine akishika kitako, aliuotesha yeye. Alijaza udongo kwenye kiriba chake, yaani ule mfuko mweusi wa plastiki, akapanda mbegu, akaitilia kivuli, akaimwagilia miezi saba. Alipoona unateremshwa shimoni na kiriba chake vilevile, alifungua pindo la khanga, akatoa wembe, akasogea kuukata mfuko kama alivyokata maelfu mengine. Hakufika. Wanaume wawili wenye miwani myeusi walimdaka mikono, kwa kuwa wembe hauruhusiwi ndani ya hatua mia moja za Mpanzi Mkuu.

"Mheshimiwa," alisema, mikono ikiwa imekunjwa mgongoni, "kiriba bado hakijatolewa."

Mpanzi Mkuu alitabasamu, akampungia mkono. Afisa wa itifaki, aliyekuwa na daftari la matukio, aliandika: *Mama mwenye nyumba alishangilia.* Udongo ukafukiwa, picha zikapigwa, msafara ukaondoka. Kesho yake Bi Sikudhani alitoka na jembe ili afanye kwa siri kile alichokatazwa hadharani, akakuta pamejengwa jiwe lenye maandishi ya dhahabu, na askari ameketi juu ya ndoo yake. Askari yule alilinda mti miaka miwili na kula chakula cha mchana kwa Bi Sikudhani siku zote hizo, na alikuwa anapenda pilipili.

*

Niseme jambo kuhusu kiriba kwa faida ya wasomaji ambao ni mawaziri. Mti uliopandwa na mfuko wake hauoneshi kasoro yoyote kwa miaka mingi. Unatoa majani, unachanua, unapigwa picha za kalenda. Huko chini mizizi inazunguka ndani ya plastiki, inajipinda, inajikaba yenyewe. Ile yenye nguvu inachomoka na kukimbilia juu, maana chini haikuachiwa njia. Watu wa kitalu wanajua hesabu yake. Miaka ishirini hivi, halafu upepo wa kawaida tu.

Mwaka wa kumi na mbili mizizi ilianza kutokeza kwenye ukoka wa Bi Sikudhani. Kwanza ukoka ulikauka kwa mistari. Kisha mistari ikavimba. Kisha migongo ya mizizi ikatoka nje, mmoja, miwili, tisa, minene kama paja la mtu, ikakata uwanja wote kutoka kwenye shina hadi bombani.

Ingekuwa nyumba nyingine, watu wangeizoea. Lakini miaka hiyohiyo Mzee Kibwana alikuwa anapotelewa na macho. Presha ya macho ilimla pole pole, jicho la kulia kisha la kushoto, hadi siku moja akaweka uzi mdomoni, akautafutia tundu la sindano, akaiweka sindano mezani na kuifunika cherehani yake na kitambaa. Hakulalamika. Alichofanya ni kuhesabu. Kutoka ngazi ya baraza hadi bombani ni hatua arobaini na nne. Kila asubuhi alichukua birika lake, akahesabu arobaini na nne kwenda, akatia maji, akahesabu arobaini na nne kurudi. Mkewe alimtengea chakula, alimkata kucha, alimsomea barua za binti yao Chausiku, lakini kwenda bombani alimwachia mwenyewe. Katika siku nzima hapo tu ndipo Mzee Kibwana hakushikwa mkono na mtu, na Bi Sikudhani alijua thamani yake kuliko anavyoweza kuieleza.

Asubuhi moja, kwenye hatua ya ishirini na sita, alikanyaga mzizi ambao wiki iliyopita haukuwapo. Alivunjika kifundo cha mkono. Birika lilibiringika hadi kwenye jiwe la dhahabu.

"Mama Chausiku," alisema mzee akiwa chini, "ishirini na sita pameota nini?"

*

Dawa ya mizizi iliyotoka nje si ngumu, na Bi Sikudhani aliijua vizuri. Usiikate, maana mti utayumba na kuilalia nyumba. Unachanganya udongo mwepesi na mboji, unaumwaga juu, unene wa vidole vitatu, usizidishe usije ukaikosesha hewa. Juu yake unatandaza majani makavu. Pale anapopita mtu unaweka mbao, au unaihamisha njia. Toroli sita za udongo na nusu siku ya kazi. Lakini mti ulikuwa wa heshima, kwa hiyo alivaa viatu vyake vya harusini akaenda kuomba kibali.

Afisa Mizizi wa Wilaya aliitwa Bwana Lukwaro. Alikuwa na meza kubwa yenye bendera mbili, na hakuwahi kushika udongo tangu azaliwe. Alimsikiliza Bi Sikudhani hadi mwisho, jambo lililomtia mama wa watu matumaini.

"Mama yangu," alisema, "umesema mizizi imetoka juu."

"Ndiyo, baba. Imetoka, na mume wangu imemvunja mkono."

"Mti uliopandwa na Mpanzi Mkuu unakwenda mahali pake ulipopangiwa. Hauwezi kupanda juu bila maelekezo. Ila ardhi yaweza kushuka." Alivua miwani. "Ardhi pale ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi mbona umeiacha ishuke?"

Bwana Lukwaro alimsogezea Fomu ya Kukiri Kushuka kwa Ardhi, nakala nne, na kumwonesha kwa upole mahali pa dole gumba. Alimpa pia ushauri bure, kwamba mzee azibadilishe hatua zake.

Mama huyu aliondoka bila kuweka dole. Alipofika nyumbani alivua viatu vya harusini, akachukua toroli, akaenda kitaluni kwa wenzake wa zamani. Hawakumuuliza maswali, walimjazia udongo na mboji. Alipiga safari sita. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama ukoka wake ulikuwa umefunikwa vizuri, majani makavu yametandazwa, na mbao saba alizozing'oa kwenye banda la kuku zimepangwa kutoka barazani hadi bombani.

Mzee Kibwana alijaribu njia yake mpya na mkono wake uliofungwa plasta. Alifika bombani, akagusa koki, akasimama pale kwa muda bila kuchota chochote.

"Hatua ngapi?" aliuliza mkewe.

"Zile zile," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

*

Njia ile ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi liliwasili gari la Wizara ya Miti ya Heshima, na ndani yake wataalamu kumi na mmoja wenye futi za kupimia. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya takwimu za mwaka. Naomba nieleze, maana hili ni jambo la kitaalamu. Katika nchi ile mzizi ulio chini ya ardhi hauhesabiwi, kwa kuwa hauonekani. Mzizi uliotoka nje unaonekana, kwa hiyo unapimwa urefu na unene, unaingizwa kwenye ripoti, na unaitwa maendeleo yanayoonekana kwa macho. Wilaya ya Bwana Lukwaro ilikuwa imeshika nafasi ya pili kitaifa kwa sababu ya uwanja wa Bi Sikudhani peke yake. Sasa wataalamu wanafika na futi zao, wanakuta majani makavu.

Bwana Lukwaro alikuja mbio, tai imekaa begani.

"Mama, maendeleo yako wapi?"

"Yapo chini ya udongo, baba. Vidole vitatu tu. Mti unapenda hivyo."

"Umeyaficha." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuta maiti. "Serikali inafanya maendeleo usiku na mchana, wewe unayaficha wananchi wasiyaone."

Walileta brashi na mifagio. Waliifagia mizizi hadi ikang'aa, udongo wa toroli sita wakaupakia garini uwe kidhibiti, na mbao saba wakazichukua kuwa kidhibiti cha kidhibiti. Walipomaliza walipima, wakakuta mizizi imeongezeka urefu, wakapeana mikono. Bi Sikudhani alisimama barazani akiwatazama, na hasira iliyokuwa kifuani mwake haikuwa ya kelele. Ilikuwa imetulia mahali pamoja. Alikuwa anafikiria ule wembe aliopokonywa miaka kumi na mingapi iliyopita, na jinsi kazi yake ingechukua sekunde tatu.

Hakuna aliyemwambia Mzee Kibwana kwamba mbao zimechukuliwa. Mkewe alikuwa bado anabishana na dereva kuhusu mbao hizo aliposikia birika likianguka. Safari hii alipasuka paji la uso, akashonwa nyuzi saba. Daktari aliyemshona alitakiwa kujaza chanzo cha jeraha. Aliandika "mzizi", akafikiria watoto wake, akafuta, akaandika "haraka".

*

Wakubwa walipopata habari kwamba mtu ameanguka mara mbili kwenye mti wa heshima, walisikitika sana kwa ajili ya mti. Bunge lilikaa kwa dharura na kupitisha Sheria ya Kutojikwaa. Ni sheria fupi, nami nainukuu yote: *Mizizi ya mti wa heshima haimkwazi mtu. Aliyejikwaa, amejikwaa mwenyewe, na ni kosa.* Wabunge walipiga meza kwa dakika ishirini. Mmoja, ambaye jimboni kwake miti ya heshima ilikuwa mia tisa, alipiga meza huku mguu wake ukiwa na bandeji.

Mzee Kibwana akawa mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa sheria hiyo. Kwa kuwa ni mzee na haoni, mahakama ilimhurumia: kila Jumatatu saa tatu asubuhi asimame mbele ya mti aombe radhi kwa sauti ya kusikika, Bwana Lukwaro akiwa shahidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumatatu mzee aliyeshonea nusu ya mji suti za harusi alishikwa mkono na mkewe hadi kwenye shina, akavua kofia.

"Mimi Kibwana bin Shamte," alisema, "naomba radhi kwa mzizi."

"Taja ni upi," alisema Bwana Lukwaro, akiandika.

"Wa hatua ya ishirini na sita. Na ule wa thelathini na moja."

Baada ya hapo hakwenda tena bombani. Birika lilikaa chini ya kiti chake. Alikaa barazani kutwa, mikono magotini, na akitaka maji alisema, "Mama Chausiku, samahani." Hiyo samahani ndiyo iliyomuuma Bi Sikudhani kuliko yote. Miaka arobaini ya ndoa mume wake hakuwahi kumwomba samahani kwa ajili ya maji.

*

Mti ulipotimiza miaka ishirini, ilitangazwa kuwa Mpanzi Mkuu atakuja mwenyewe kuutembelea. Aliyekuwa madarakani alikuwa yuleyule, ila nywele zake zilikuwa zimezidi kuwa nyeusi.

Wiki moja kabla, mji ulianza kupakwa chokaa, kama inavyofanyika katika nchi ile kila anapopita mkubwa. Walipaka mawe ya barabarani, vigogo vya miti, mitaro, na mbuzi mmoja aliyechelewa kuondoka. Askari waliingia kwa Bi Sikudhani na ndoo, wakaipaka mizizi yote chokaa nyeupe. Hapo, lazima tukiri, hata mtu mwenye macho mabovu angeiona. Lakini mkubwa mmoja wa itifaki akasema kwamba Mpanzi Mkuu hawezi kukanyaga chokaa, viatu vitachafuka. Wakaleta zulia jekundu, refu, zito, wakalitandika kutoka barabarani hadi kwenye shina, juu ya mizizi, wakalivuta likanyooka. Ungeliona ungesema chini pako sawa kabisa.

"Bwana Lukwaro," alisema Bi Sikudhani, "mtu atakayepita hapa ataanguka."

"Mama, sheria umeisahau? Mizizi ile haimkwazi mtu."

"Mimi nilifunika kwa udongo mkasema naficha maendeleo."

"Kufunika kwa udongo ni kuficha. Kufunika kwa zulia ni kuheshimu." Alimwangalia kwa huruma ya kweli, maana naye aliamini. Ndilo jambo la kutisha kuhusu watu kama Bwana Lukwaro, kwamba kufikia mwaka wa ishirini wanakuwa hawadanganyi tena.

Siku ikafika. Bendi ikapiga, watu wakajaa barabara nzima. Bi Sikudhani na mumewe waliwekwa pembeni mwa mti kama wenyeji wake, wamevalishwa fulana zenye picha ya Mpanzi Mkuu, mkono wa mzee ukiwa begani kwa mkewe. Mpanzi Mkuu alishuka garini akiwa na glavu nyeupe. Alitembea juu ya zulia, amenyanyua uso, anapunga mkono kulia na kushoto. Nyuma yake mawaziri thelathini na tisa, majenerali, wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, na mwisho kabisa Bwana Lukwaro.

Kwenye mzizi wa hatua ya thelathini na moja, kiongozi wa nchi aliruka mbele kama gunia lililoteleza kutoka begani na kuanguka kifudifudi.

Bendi ilinyamaza. Ukawa ukimya wa namna yake, ukimya wa watu elfu tano wanaoikumbuka sheria moja. Aliyejikwaa, amejikwaa mwenyewe, na ni kosa. Waziri wa Sheria alikuwa wa kwanza kuelewa ukubwa wa hatari. Kama yupo aliyesimama, basi kuna mtu aliyeanguka. Kama hakuna aliyesimama, hakuna aliyeanguka. Akajitupa chini. Mawaziri wengine wakafuata, puu, puu, tumbo kwa tumbo. Majenerali walianguka kwa safu, kwa amri. Bendi ilianguka na vyombo vyake, na yule wa tuba akaumia kweli. Wananchi barabarani walilala kuanzia mbele hadi nyuma, wengine wakichagua mahali pasafi.

Waliobaki wamesimama ni wawili. Mmoja hakuona.

"Mama Chausiku," alisema Mzee Kibwana, "kuna nini? Nasikia vishindo."

"Wameanguka."

"Nani?"

"Wote."

"Wamejikwaa?"

"Mmoja amejikwaa. Wengine wamejilaza."

Mzee alifikiri. "Na sisi?"

"Sisi tumesimama," alisema Bi Sikudhani. "Simama hivyo hivyo, Baba Chausiku. Usipige hata goti."

Kisha akamwacha, akasogea hadi pale kichwa cha Mpanzi Mkuu kilipokuwa. Kwa miaka ishirini mkubwa yule hakuwahi kuwa karibu na mtu kiasi cha kusikia sauti isiyopita kwenye kipaza sauti. Alikuwa ameshika mzizi kupitia zulia, anaupapasa kwa glavu yake, na uso wake ulikuwa wa mzee aliyeumia goti.

"Hiki ni kitu gani?" alimuuliza.

"Ni mzizi wa mti wako."

"Mbona uko nje?"

"Kwa sababu ya kiriba," alisema Bi Sikudhani. "Nilikwambia siku ile ukanipungia mkono. Kiriba hakijatolewa mpaka leo. Mti wako unajinyonga, na mume wangu amekuwa akiuomba radhi kila Jumatatu."

Mpanzi Mkuu alimtazama. Alikuwa amepanda miti elfu nane mia tatu na kumi na miwili, alikuwa kwenye noti na kwenye madaftari ya shule ameshika mche, na alikuwa na shahada nane za heshima za kilimo.

"Kiriba ndiyo nini?" aliuliza.

Bi Sikudhani alikuwa na maneno ya miaka ishirini tayari. Kabla hajayatoa, afisa wa itifaki aliyelala pembeni yao alishainua shingo na daftari lake la kale. Naye hakujua kiriba ni nini. Alipekua haraka hadi kwenye ukurasa wa miaka ishirini iliyopita.

"Ni shangwe, Mheshimiwa," alisema. "Shangwe ya wenyeji wa hapa. Mama huyu aliitoa siku ya kupanda, imeandikwa."

Uso wa Mpanzi Mkuu ukachanua. Alinyanyuliwa, akapanguswa, wote wakanyanyuka pamoja naye, akapewa kipaza sauti. Aliwaambia wananchi kwamba amelala chini kwa hiari yake ili aisikilize ardhi, na ardhi imemfundisha salamu mpya ya taifa. Akakunja ngumi, akaiinua.

"Kiriba," alisema.

Watu walitazamana. Nchi ile ni ya wakulima. Hakuna nyumba ambayo haikuwahi kuotesha miche, hakuna mwanamke asiyejua kazi ya wembe. Mawaziri waliitikia upesi, bila kujua wanasema nini. Wananchi walichelewa kidogo. Kisha mama mmoja wa kitaluni, aliyewahi kujaza toroli la Bi Sikudhani, aliinua ngumi yake.

"Kiriba," alisema, na akauangalia mti.

Wakaitikia wote, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Sauti ilitoka matumboni, ikapita kwenye mabati ya shule, na ilikuwa imejaa ghadhabu kiasi kwamba mtu yeyote angeisikia, isipokuwa wale waliokuwa jukwaani, ambao walikuwa wanatokwa machozi ya furaha. Mpanzi Mkuu alisema hajawahi kupendwa hivi.

*

Jioni ile walimchukua Mzee Kibwana. Kosa lilikuwa kusimama wima wakati Mkuu wa nchi amelala, na shahidi alikuwa Bwana Lukwaro, aliyekiri kwamba aliona kwa jicho moja akiwa chini. Bi Sikudhani hakushitakiwa. Daftari lilionesha kwamba ameshangilia mara mbili, akapewa nishani. Alipiga kelele mahakamani kwamba alisimama naye, kwamba yeye ndiye aliyemwambia asipige goti, kwamba wamfunge na yeye. Hakimu alimwomba apunguze shangwe. Mzee alipata miaka miwili.

Jumamosi ya kwanza mkewe alikwenda kumwona na birika lake. Birika halikuruhusiwa. Walikaa pande mbili za wavu, na mzee alikuwa amekonda, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko siku nyingi.

"Uwanja wao ni wa saruji," alimwambia. "Kutoka mlango wa seli hadi bombani ni hatua hamsini na mbili. Pako sawa, Mama Chausiku. Hakuna mti hata mmoja. Nakwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe, wala sijajikwaa."

Alikuwa anamwambia ili asihuzunike. Bi Sikudhani alisema alhamdulillahi, akauliza kama wanampa chai, akamwachia sabuni na mswaki. Alilia alipofika nje ya geti, na alilia kwa hasira, kwa sababu mume wake amepata jela kile ambacho amekikosa nyumbani kwake.

Siku hizi haombi kibali chochote. Kila asubuhi anatoka na kamba yenye jiwe mwishoni, anaining'iniza kwenye tawi, anapima jinsi shina lilivyoegama. Mwezi uliopita vidole viwili. Mwezi huu vitano. Bwana Lukwaro akipita barabarani humwinulia ngumi na kusema, "Kiriba, mama," naye humwitikia, "Kiriba, baba," kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa. Redioni wamesema Mpanzi Mkuu atapanda mingine elfu kumi, glavu zimeshaagizwa. Ile elfu nane mia tatu na kumi na miwili bado imesimama nchi nzima, kwenye viwanja vya shule, kwenye hospitali, mbele ya Bunge, pande zote mbili za ikulu. Imepandwa mwaka mmoja na ina umri mmoja.

Upepo wa mwezi wa saba haujaanza. Bi Sikudhani amehamishia kitanda chao chumba cha nyuma.